Barua kwa Mhariri: Tamthilia ya sikukuu iwe Fiddler on the Roof

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa burudani wa toleo lako la Jumapili iliyopita, mwandishi wako alieleza namna vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani vilivyokuwa, kwa miaka kadhaa, vikichagua tamthilia moja ya muziki iliyokwisha kujijengea jina majukwaani na kuirusha mubashara katika majuma ya kuelekea Krismasi. Alimaliza kwa kupendekeza kwamba desturi hiyo ikirejeshwa, basi ianze tena na The Sound of Music, kwa sababu ndiyo inayojulikana na kila mtu. Naomba nafasi katika safu yako nimpinge kwa heshima. Ninaishi Louisville, Kentucky, nimeyafuatilia matangazo haya tangu yalipofufuliwa mwaka 2013, na naamini kwamba huko kujulikana na kila mtu ndiko kunakoifanya The Sound of Music isifae kurudiwa. Ipo tamthilia nyingine ambayo katika mfululizo huo haikupewa zamu, nayo inastahili zamu kuliko zote: Fiddler on the Roof.

Sikatai kwamba The Sound of Music ndiyo iliyofungua mlango. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2013, NBC, mojawapo ya vituo hivyo, iliirusha kutoka studio za Bethpage, Long Island, huku mwimbaji wa muziki wa kantri Carrie Underwood akiigiza Maria, msichana wa utawani anayepelekwa kulea watoto wa familia ya von Trapp, na watu wapatao milioni 18.6 wakaitazama. Hesabu hiyo iliwashtua wengi, maana tamthilia ya muziki iliyorushwa moja kwa moja ilikuwa imekwisha kuwa jambo la nadra. Watu waliihusisha na enzi za mwaka 1955, NBC ilipomwonyesha Mary Martin katika Peter Pan mbele ya watazamaji waliokadiriwa kufika milioni 65, na mwaka 1957, CBS ilipomleta Julie Andrews katika Cinderella mbele ya watazamaji waliokadiriwa kufika milioni 107. Wakati huo familia ilikuwa na televisheni moja na vituo vya kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo si haki kuulinganisha na wakati wetu, lakini kumbukumbu hiyo ndiyo iliyowatia NBC moyo wa kujaribu.

Tatizo ni kile ambacho watazamaji hao milioni 18.6 walikuwa wakikisubiri. Wengi wao, na nadhani wengi wa wasomaji wako pia, wanaifahamu hadithi ya Maria na familia ya von Trapp kwa njia ya filamu ya mwaka 1965, si kwa njia ya tamthilia iliyofunguliwa Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, tarehe 16 Novemba 1959, na kazi hizo mbili hazilingani. Katika tamthilia, wimbo My Favorite Things unaimbwa na Maria pamoja na mkuu wa watawa kabla Maria hajaiaga nyumba ya utawa, na usiku wa radi yeye na watoto huimba wimbo wa mchunga mbuzi. Katika filamu, usiku huo wa radi umepewa My Favorite Things. NBC ilifuata tamthilia, kama ilivyopaswa, na kwa kufanya hivyo ikajikuta inalaumiwa na watu waliodhani kwamba kila tofauti ni kosa. Underwood mwenyewe, ambaye sauti yake haina ubishi, alipimwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa kipimo cha Julie Andrews, Maria wa filamu, na sidhani kama hata Mary Martin, Maria wa kwanza wa jukwaani, angekivuka kipimo hicho mbele ya watu waliokulia kwenye filamu. Kuirudia tamthilia hiyo leo ni kumtafuta mwimbaji mwingine wa kupitishwa katika tanuri lile lile.

Jambo jingine la usiku ule ambalo mwandishi wako hakuligusa ni ukimya. Audra McDonald, mwimbaji aliyelelewa na jukwaa, aliigiza mkuu wa watawa, na alipouimba wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza aliuimba kwa kiwango ambacho ukumbi wowote wenye watu ungesimama. Studio haikuwa na hadhira. Noti ya mwisho ilikwisha, hakuna aliyepiga makofi, kamera ikasogea, likaja tangazo la biashara. Mtu aliyewahi kukaa kwenye onyesho la taarabu anajua ninachokisema: mwimbaji anaweza kuwa na sauti na kinanda kikawa sawasawa, lakini asipoinuka mtu hata mmoja kwenda kumtunza, wimbo unakuwa kama haujafika mahali. Tamthilia za muziki zimetungwa kwa matarajio hayo hayo. Mtunzi ameacha nafasi ya makofi ndani ya muziki, na nafasi hiyo ikibaki tupu, mwigizaji anaonekana amesahau maneno.

Somo hilo lilichukua muda kueleweka. Peter Pan ya Desemba 2014 nayo ilifanyika bila hadhira, na jina kubwa la mwigizaji Christopher Walken halikuzuia watazamaji kushuka hadi milioni 9.2 hivi. Fox ndiyo iliyobadilisha mambo ilipoirusha Grease tarehe 31 Januari 2016 ikiwa na hadhira ndani ya maandalizi yenyewe. Mvua ilinyesha Los Angeles siku hiyo, wimbo wa ufunguzi ukachezwa kwa miavuli, na watu wapatao milioni 12 wakawa wanatazama kitu ambacho kwa hakika kilikuwa kinatokea wakati ule ule. NBC nayo iliporusha Jesus Christ Superstar usiku wa Pasaka, tarehe 1 Aprili 2018, kutoka jengo la zamani la kijeshi huko Brooklyn, John Legend akiwa Yesu na Brandon Victor Dixon akiwa Yuda, kelele za hadhira zilikuwa nusu ya muziki. Kwa maoni yangu hilo ndilo tangazo bora kuliko yote ya mfululizo huu, na hakuna aliyelalamika kwamba hadithi inayoishia msalabani haifai kwa sikukuu.

Naisema hoja hii ya sikukuu kwa makusudi, kwa kuwa wachaguaji wengi wamepotezwa nayo. Wanadhani tamthilia ya Desemba lazima iwe na theluji na mti wa Krismasi. Fox ilifuata njia hiyo tarehe 17 Desemba 2017 kwa A Christmas Story, ambayo Krismasi imo hadi katika jina, ikapata watazamaji milioni 4.5 hivi, pungufu kabisa ya The Wiz ya Desemba 2015, iliyopata milioni 11.5 bila kuitaja Krismasi popote. The Wiz ilifanikiwa kwa sababu nyingine. Ilikuwa tamthilia ya watu weusi iliyotwaa tuzo ya Tony, tuzo kuu ya Broadway, ya mwaka 1975; Dorothy, mhusika wake mkuu, alikuwa Shanice Williams, msichana asiyejulikana aliyepatikana kwa usaili wa wazi, na shangazi yake aliigizwa na Stephanie Mills, ambaye ndiye aliyekuwa Dorothy wa mwaka 1975. Majina makubwa yalikuwamo, Queen Latifah na Mary J. Blige miongoni mwao, lakini hayakubebeshwa mzigo wa kati. Annie ya Desemba 2021, ambayo hadithi yake kweli inaishia Krismasi, ilikuwa na hadhira na ilichezwa vizuri, ikaambulia milioni 5.3. Sehemu ya upungufu huo ni watu kuhamia intaneti, jambo ambalo hakuna tamthilia inayoweza kulizuia, ila inaonyesha tena kwamba Krismasi ndani ya hadithi haimwiti mtu kutoka chumbani.

Sasa nije kwenye pendekezo langu. Fiddler on the Roof ilifunguliwa Broadway tarehe 22 Septemba 1964, muziki ukiwa wa Jerry Bock, mashairi ya Sheldon Harnick, na mazungumzo ya Joseph Stein, kutokana na hadithi za mwandishi Sholem Aleichem. Mwongozaji na mpangaji wa ngoma alikuwa Jerome Robbins. Ilichezwa mara 3,242, na ilikuwa tamthilia ya kwanza ya muziki pale Broadway kupita maonyesho 3,000. Habari zake ni za Tevye, muuza maziwa Myahudi wa kijiji cha Anatevka nchini Urusi, mwaka 1905, mwenye mke mmoja, farasi mgonjwa na mabinti watano. Mshenga wa kijiji, bibi aitwaye Yente, amemletea binti mkubwa posa ya mgane tajiri mwenye bucha. Binti anamtaka fundi cherehani maskini. Wa pili anampenda mwanafunzi mwanamapinduzi, na anamfuata hadi Siberia. Wa tatu anaolewa na kijana Mkristo, na hapo baba, aliyekwisha kukubali mara mbili, anafika mwisho wa kukubali kwake.

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura hahitaji kuelezwa uzito wa mambo haya. Posa iliyokwisha kupokelewa na neno la baba lililokwisha kutoka mbele ya watu, kisha binti anapiga magoti na kuomba lirudishwe: hapo hatuhitaji kusomea historia ya Urusi. Sitaki hata hivyo kusema kwamba tamthilia hii ni yetu. Ni ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na nguvu yake inatokana na kubaki huko: mishumaa ya Sabato, sala, arusi chini ya mwavuli wa kitambaa, na vurugu za wenye chuki zinazoivamia arusi hiyo. Mwaka 2018 ilichezwa New York kwa Kiyidishi, chini ya uongozaji wa Joel Grey, katika lugha ambayo watu wa Anatevka wangeizungumza, na watazamaji wasioijua lugha hiyo walijaa ukumbini wakisoma tafsiri.

Kwa upande wa televisheni, nadhani hakuna tamthilia ya zama zile inayoipenda kamera kuliko hii. Tevye anazungumza na Mungu peke yake, si kwa sala ndefu, bali kama mtu anayedai mshahara kwa tajiri anayemheshimu. Anapima jambo kwa upande huu, kisha kwa upande ule, na mwigizaji mzuri anayafanya haya kwa macho zaidi kuliko kwa sauti. Katika ukumbi wa watu zaidi ya elfu, aliyekaa nyuma hayaoni macho hayo. Sebuleni anayaona. Ile ndoto anayomdanganyia mkewe, ambamo marehemu mke wa mwenye bucha anafufuka akiwa jitu la kutisha, itawapa watoto mayowe na kicheko kwa pamoja. Na ngoma ya chupa kwenye arusi, ambapo wanaume wanacheza na chupa zimesimama juu ya kofia zao, ndiyo sababu yenyewe ya kurusha kitu moja kwa moja. Kwenye filamu chupa haianguki kwa sababu iliyoanguka imekatwa. Kwenye matangazo ya mubashara mamilioni ya watu watashika pumzi pamoja.

Watakaopinga watasema mwisho wake unahuzunisha. Ni kweli: mkuu wa polisi wa eneo anawapa watu wa Anatevka siku tatu wauze walichonacho na kuondoka. Lakini The Sound of Music, ambayo mwandishi wako anaiona ya furaha, inaishia kwa familia inayoikimbia nchi yake usiku, Austria ikiwa imekwisha kumezwa na Wanazi mwaka 1938. Tofauti ni kwamba akina von Trapp wana jina kubwa na milima mizuri ya kupita, na watu wa Anatevka wana mikokoteni. Hapa Louisville wamehamia watu wengi kutoka mashariki mwa Kongo, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na Kiswahili ndiyo lugha yetu ya dukani na kanisani. Nimewahi kuitazama filamu ya Fiddler ya mwaka 1971 pamoja na baadhi ya majirani hao. Golde, mke wa Tevye, anafagia nyumba ambayo hatairudia, kwa kuwa hataki kuiacha chafu. Mama mmoja akamuunga mkono kwa sauti, mwingine akambishia kwamba sufuria ndizo za kufungwa kwanza, ufagio baadaye, na mabishano yakaendelea hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupita kwenye skrini. Sijui tamthilia nyingine ya sikukuu ambayo ingewafanya waingie ndani ya hadithi namna hiyo.

Wapo wasomaji watakaouliza kwa nini nisiitetee The Lion King, ambayo wahusika wake wanaitwa Simba na Rafiki na ambayo imewafundisha watoto wa dunia nzima maneno mawili ya lugha yetu. Jibu la kwanza ni la kibiashara: imekuwapo Broadway tangu Novemba 1997 na ingali inauza tiketi, na tamthilia ya namna hiyo haina haraka ya kutolewa bure sebuleni. Jibu la pili ni la kisanaa. Mwongozaji wake, Julie Taymor, aliipanga ili wanyama wapite katikati ya hadhira, na ili mtazamaji amwone mnyama na binadamu anayemwendesha kwa wakati mmoja, achague mwenyewe wa kumtazama. Kamera itamchagulia, na hapo nusu ya utamu imekwisha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni urefu. Fiddler ikichezwa kamili inakaribia saa tatu, na saa tatu ndizo ambazo NBC ilikuwa ikitenga kwa kawaida, kuanzia saa mbili usiku kwa majira ya New York (yaani saa kumi alfajiri kwenu, kwa yeyote mwenye moyo wa kuamka), na ndani ya saa hizo tatu matangazo ya biashara nayo yanadai sehemu yake. Lazima kitu kipunguzwe. Waandaaji wa filamu ya mwaka 1971 walikutana na ugumu kama huu, wakaziacha nyimbo mbili za sehemu ya pili, ule wa mwanafunzi anapokubaliwa na mpenzi wake na ule wa uvumi unaozunguka kijijini, na sijakutana na mtu anayezililia. Zikiachwa hizo na mazungumzo yakikazwa kidogo, muda utatosha bila kuugusa mgogoro wa binti wa tatu, ambao mhariri mwoga wa televisheni atashawishika kuufupisha kwa hofu ya kuwaudhi watu wa dini hii au ile. Huo ukifupishwa, mchezo wote unabaki vichekesho vya posa.

Kuhusu waigizaji, Tevye asitafutwe katika orodha ya waimbaji wanaovuma redioni. Danny Burstein aliigiza nafasi hiyo Broadway mwaka 2015 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Tony. Steven Skybell aliiigiza katika lile onyesho la Kiyidishi. Mmoja wao apewe. Kituo kikisisitiza kupata sura maarufu ya kuweka kwenye mabango, nafasi ya Yente iko wazi: anachekesha, anaonekana mara kwa mara, na hana wimbo mzito wa kubeba. Mwaka 1964 aliyeigiza Yente alikuwa Bea Arthur, kabla televisheni haijamfanya kuwa nyota, kwa hiyo nafasi hiyo haimshushi mtu hadhi.

Na wawepo waigizaji wa akiba. Tarehe 27 Januari 2019 Fox ilitangaza Rent kuwa ya mubashara, lakini mwigizaji mkuu mmoja alikuwa amevunjika mguu katika mazoezi ya mwisho usiku uliotangulia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake, sehemu kubwa ya kilichoonyeshwa ilikuwa mkanda wa mazoezi hayo. Katika tamthilia yenye wanaume wanaocheza kwa magoti huku chupa ziko vichwani, uzembe huo hausameheki.

Hadhira nayo iwe karibu, pande tatu za jukwaa, isiwe imepangwa mbali kama mapambo; tangazo la biashara likae baada ya vurugu za arusini, ambapo hata jukwaani pazia hushuka, na kati ya mwanzo wa arusi hiyo na vurugu zake lisiwepo tangazo hata moja.

Wako,
Msomaji, Louisville, Kentucky, Marekani